Chai ya Alasiri ya Krismasi Katika Hoteli za London Ukiwa na Watoto Wadogo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kuanzia katikati ya Novemba hadi siku za mwanzo za Januari, hoteli kubwa za London huiondoa chai yao ya alasiri ya kila siku na kuweka mahali pake chai ya Krismasi, yenye bei ya juu zaidi na nafasi zinazojaa mapema. Majibu yaliyopo hapa yameandikwa kwa ajili ya familia zenye watoto wa umri wa chini ya miaka 8 hivi, ziwe zinaishi Uingereza au zimesafiri kutoka Dar es Salaam, Nairobi au Muscat kuja kukaa na ndugu wakati wa sikukuu. Msimamo wa mwandishi ni kwamba hoteli huchaguliwa kwa kufuata saa ya mtoto ya kula na kulala, na sifa ya hoteli huja baadaye.

Mtu akilipia chai ya alasiri hotelini, hasa anapewa nini?

Anapewa mlo kamili. Juu ya meza huwekwa kinara cha sahani tatu: sandwichi ndogo zilizokatwa kingo, skonzi za moto zinazoliwa kwa jemu na krimu nzito ya Devon au Cornwall, kisha vikeki vidogo vilivyopambwa. Chai yenyewe huja ndani ya birika, na katika hoteli nyingi mtu huongezewa sandwichi na skonzi bila malipo ya ziada. Desturi hii kwa kawaida huhusishwa na Anna, mke wa Duke wa Bedford (cheo cha juu cha ukabaila wa Uingereza), ambaye karibu na mwaka 1840 alizoea kuagiza chai na vitafunio ili kuziba njaa ya kungoja chakula cha usiku kilichochelewa. Hoteli ya The Langham, iliyofunguliwa mwaka 1865, hujitambulisha kuwa ndiyo iliyoiingiza desturi hiyo hotelini.

Katika msimu wa Krismasi umbo hilo halibadiliki, bali vionjo ndivyo hubadilika. Sandwichi za bata mzinga na kranberi hujitokeza, mdalasini, karafuu na tangawizi huingia ndani ya keki, na skonzi hutiwa zabibu kavu na maganda ya machungwa. Mtoto aliyekulia kwenye chai ya maziwa iliyotiwa hiliki hataishangaa harufu hiyo, ingawa huenda akaishangaa sandwichi ya tango.

Mtoto anapaswa kuwa na umri gani?

Mtoto mchanga ambaye bado hajaanza kutembea ni mgeni mwepesi kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu hulala ndani ya kigari huku wakubwa wakinywa chai yao. Kuanzia miaka 5 mtoto huanza kukifurahia kinara, kuchagua keki yake na kuusikiliza muziki wa piano. Wenye kazi ngumu ni wazazi wa watoto wa miaka 2 hadi 4, kwa kuwa chai ya hoteli huchukua dakika 90 hadi saa mbili, na muda huo hutumika kwenye kiti kimoja, ndani ya chumba kilichojaa vyombo vya kauri. Si sababu ya kukataa kwenda, lakini ni sababu ya kuichagua hoteli kwa uangalifu zaidi kuliko mtu anayekwenda na watoto wa shule.

Baadhi ya hoteli huweka umri wa chini wa kuingia, ama kwa siku zote ama kwa vipindi vya jioni. Sharti hilo huandikwa mwishoni mwa ukurasa wa kuweka nafasi, kwa hiyo lisome kabla ya kuweka namba ya kadi.

Kati ya hoteli zote hizi, nitachaguaje?

Anza kwa kukiangalia chumba. Hoteli maarufu kwa chai zina vyumba vya aina mbili, na tofauti kati yao ni kubwa kwa mwenye mtoto mdogo. Kuna kumbi ambazo zenyewe ni njia ya kupita, kama The Promenade ya The Dorchester, hoteli iliyofunguliwa mwaka 1931, au ukumbi wa mbele wa Claridge's, ambako watu huingia na kutoka, mazungumzo huvuma na kilio kifupi cha mtoto humezwa na shughuli za ukumbi. Kuna pia vyumba vya kukaa kimya, vilivyozungushiwa kuta, ambavyo vina meza chache zilizobanana na wageni waliokuja kuadhimisha miaka yao ya ndoa. Huko sauti ya kijiko kilichoanguka husikika kona hadi kona. Kwa mtoto wa miaka 3, ukumbi wenye pilikapilika ni bora kuliko chumba tulivu, hata kama picha za chumba tulivu zinavutia zaidi.

Baada ya chumba, tazama kama kuna orodha ya chakula cha watoto iliyoandikwa wazi pamoja na bei yake. Hoteli iliyochapisha orodha hiyo imeshafikiria kwamba watoto watakuja, na wahudumu wake wamezoea kuwaona. Hoteli inayojibu kwamba jikoni kutatazamwa kinachoweza kufanyika siku hiyohiyo haina ubaya wowote, lakini mwezi wa Desemba jikoni huelemewa, na ahadi ya namna hiyo ni rahisi kusahauliwa.

Jambo la tatu ni kile kilichopo karibu. The Ampersand, iliyoko South Kensington, kwa miaka kadhaa imekuwa ikiandaa chai yenye mada ya sayansi, na iko mwendo mfupi kwa miguu kutoka Makumbusho ya Historia Asilia na Makumbusho ya Sayansi, ambayo kuingia kwake ni bure. Mtoto aliyekimbia asubuhi nzima kati ya mifupa ya dinosaria hukaa kitini bila kushurutishwa. Ikumbukwe tu kwamba makumbusho hayo hufungwa tarehe 24 hadi 26 Desemba. The Langham nayo iko mwisho wa juu wa Regent Street, barabara yenye taa za sikukuu na duka la michezo ya watoto la Hamleys, ambalo biashara yake ilianza mwaka 1760. Hapo kuna ushauri mmoja: duka litembelewe baada ya chai, wala si kabla, la sivyo mtakaa mezani mkijadili kwa nini sanduku lisifunguliwe sasa hivi.

Mti wa Krismasi usikuamulie. Mti wa Claridge's, ambao kila mwaka hukabidhiwa mbunifu mashuhuri aupambe, huvutia watu wengi wanaoingia ukumbini kuutazama kwa dakika chache kisha wakaendelea na safari zao. Mnaweza kuutazama mti wa hoteli moja na kunywa chai katika hoteli nyingine, na mtoto hataona kwamba amepunjwa.

Je, The Ritz na The Savoy zinafaa kwa watoto?

The Ritz, iliyofunguliwa mwaka 1906 mtaani Piccadilly, hupokea watoto, lakini ni hoteli yenye masharti ya mavazi yanayojulikana: wanaume hutakiwa kuvaa koti na tai, na suruali za jinzi na viatu vya michezo haviruhusiwi. Chai yake hutolewa kwa awamu kadhaa kwa siku katika ukumbi uitwao Palm Court, na kila awamu hupewa muda wake, hivyo familia iliyochelewa kwa sababu ya nepi hupoteza sehemu ya muda iliyoulipia. The Savoy, iliyofunguliwa mwaka 1889, ina ukumbi wa Thames Foyer ulio chini ya kuba la vioo, na ukubwa wa ukumbi huo humpa mzazi nafasi ya kupumua. Kati ya hizo mbili, na mtoto akiwa chini ya miaka 5, mwandishi angechagua The Savoy bila kusita. The Ritz inafaa kusubiriwa hadi mtoto aweze kukumbuka kwamba alikwenda.

Tuweke nafasi ya saa ngapi?

Saa ya mapema zaidi inayopatikana. Awamu za kwanza katika hoteli nyingi huanza kati ya saa sita mchana na saa saba na nusu, na kwa familia yenye watoto wadogo hizo ndizo saa za dhahabu: chai inachukua nafasi ya chakula cha mchana, wahudumu hawajachoka, skonzi zimetoka tanuruni, na hakuna kundi lililotangulia mezani ambalo mnalazimika kulingoja liondoke. Awamu ya saa tisa au saa kumi, ambayo kwa jina ndiyo alasiri yenyewe, huangukia kwenye saa ambayo mtoto wa miaka 3 amekosa usingizi wa mchana na sasa anataka kulia bila sababu.

Kuna pia suala la giza. Katika wiki ya tatu ya Desemba jua la London huzama kabla ya saa kumi jioni. Mkimaliza chai ya mapema mnatoka nje wakati taa za barabarani zinaanza kuwaka, watoto wanaziona wakiwa bado na nguvu, kisha mnarudi nyumbani. Mkianza chai saa kumi, mnatoka katikati ya msongamano wa watu wanaotoka kazini na madukani, usiku, baridi, mtoto mmoja mgongoni na mwingine ameshalala.

Kuhusu siku, Jumanne au Jumatano ya mwishoni mwa Novemba ni tulivu na mara nyingi nafuu kuliko Jumamosi yoyote ya Desemba. Wenye watoto ambao hawajaanza shule wautumie uhuru huo wakiwa bado nao.

Watoto watakula nini?

Orodha za watoto kwa kawaida huwa na sandwichi za jibini, kuku, nyama ya nguruwe iliyokaushwa au jemu, skonzi ndogo, vikeki viwili au vitatu, na kikombe cha kakao ya moto, juisi au maziwa. Huduma ya taifa ya afya ya Uingereza, NHS, haishauri kuwapa watoto wadogo chai wala kahawa, na hotelini hakuna atakayeshangaa mtoto akinywa maziwa.

Tatizo si uchache wa chakula, bali wingi wa sukari unaofika kwa wakati mmoja. Kinara kikiletwa kikiwa kamili, mtoto huona keki tu. Mwombe mhudumu alete sandwichi kwanza, na keki zije mwishoni. Hilo hufanyika bila shida likiombwa wakati wa kukaa. Keki zinazobaki mara nyingi hufungwa kwenye kiboksi cha kwenda nacho nyumbani, ingawa sandwichi mara nyingi hazifungwi kwa sababu za usalama wa chakula.

Sisi ni Waislamu. Tuulize nini kabla ya kuweka nafasi?

Kuuliza kama nyama ni halali hakutoshi, kwa kuwa mambo ya Krismasi yamejificha kwenye vitamu. Vipai vidogo vya matunda makavu, vinavyoliwa kila mahali Desemba, kwa desturi hutiwa brandi, na mafuta yake yanaweza kuwa ya ng'ombe ambaye hakuchinjwa kwa utaratibu wa Kiislamu. Pudini ya Krismasi nayo hutiwa pombe, na mara nyingine humwagiwa nyingine juu yake na kuwashwa moto. Vikeki laini vinavyotetemeka, pamoja na peremende laini za marshmallow zinazoelea juu ya kakao ya watoto, huenda vikagandishwa kwa jelatini ya nguruwe.

Kwa hiyo maswali ni manne: nyama imetoka wapi, jelatini ni ya mnyama gani, ni vitu gani vimetiwa pombe hata kidogo, na kama nyama ya nguruwe hupangwa kwenye sahani moja na sandwichi nyingine. Yaandikwe kwa barua pepe, na jibu litunzwe kwenye simu ili lionyeshwe mezani. Familia nyingi huona njia rahisi ni kuagiza orodha ya wasiokula nyama, kisha kuuliza kuhusu pombe na jelatini pekee.

Mtoto wangu ana mzio wa karanga. Je, ni salama?

Sheria ya Uingereza huwataka wauzaji wa chakula watoe taarifa kuhusu vizio 14, yaani vyakula vinavyoweza kuleta mzio, vikiwemo karanga, jamii ya lozi na korosho, ufuta, maziwa, mayai, samaki na ngano. Tangu tarehe 1 Oktoba 2021, sheria inayojulikana kwa jina la Natasha, binti aliyefariki mwaka 2016 baada ya kula sandwichi iliyokuwa na ufuta ambao haukutajwa, imelazimisha chakula kinachofungwa palepale kinapouzwa kiwe na orodha kamili ya viambato. Chakula cha kinara hakifungwi, hivyo taarifa yake hupatikana kwa kuuliza na kwa karatasi ya vizio ya jikoni.

Iarifu hoteli unapoweka nafasi, rudia siku mbili kabla, kisha mwambie mhudumu mkifika. Omba chakula cha mtoto kiletwe kwenye sahani yake peke yake, kwa sababu kinara ni mahali ambapo makombo ya keki ya juu huangukia sandwichi za chini. Keki za msimu huu zina unga mwingi wa lozi. Iwapo hoteli itajibu kwamba haiwezi kuhakikisha chochote, na mzio wa mtoto wako ni mkali, chukulia jibu hilo kama lilivyo na utafute mahali pengine.

Kuna hatari nyingine mezani?

Birika la chai inayochemka likiwa ukingoni mwa meza yenye kitambaa kirefu ndiyo hatari ya kwanza. Liombewe nafasi upande wa mbali na mtoto. Zabibu nzima, lozi na korosho nzima, pamoja na marshmallow, zinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka 5, kwa hiyo zabibu zikatwe kwa urefu na hizo nyingine ziondolewe. Asali haipewi mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja.

Itagharimu kiasi gani?

Katika hoteli zenye jina, bei ya mtu mzima wakati wa Krismasi mara nyingi huwa kati ya pauni 60 na 100, na huvuka hapo chai ikiambatanishwa na shampeni. Bei ya mtoto mara nyingi huwa karibu nusu. Juu ya hapo huongezwa ada ya huduma, kwa kawaida asilimia 12.5 hadi 15, ambayo kisheria ni ya hiari iwapo imeandikwa hivyo, ingawa huingizwa kwenye hesabu bila kuulizwa. Tuseme watu wazima 2 kwa pauni 80 kila mmoja na watoto 2 kwa pauni 40 kila mmoja: hiyo ni pauni 240, na ada ya asilimia 15 huifikisha kwenye pauni 276.

Uliza kama mtoto wa chini ya miaka 4 anaweza kula kutoka kwenye sahani za wazazi bila kulipiwa. Hoteli nyingine huruhusu, nyingine hudai kila anayekalia kiti alipiwe. Mtoto anayekula robo ya skonzi na kulamba krimu hahitaji chai yake mwenyewe, na hapa ndipo familia nyingi hupoteza fedha kwa aibu ya kuuliza.

Tukiumwa siku hiyo, fedha hurudishwa?

Inategemea masharti. Hoteli nyingine huchukua namba ya kadi tu na kutoza faini usipojitokeza au ukighairi ndani ya saa 24 au 48; nyingine hutaka malipo yote mapema. Desemba ni mwezi wa mafua na kutapika kwa watoto wa chekechea, kwa hiyo masharti yanayoruhusu kubadili tarehe yana thamani kubwa kuliko punguzo dogo la bei.

Watoto wavae nini?

Nguo nadhifu ambazo tayari wamezizoea. Viatu vipya vinavyobana vimewaharibia watu chai nyingi kuliko keki iliyoanguka. Bebeni seti moja ya nguo za kubadili, na ya mzazi pia kama mtoto ni mchanga.

Vipi kuhusu kigari, kiti cha mtoto na kunyonyesha?

Kigari kikubwa kwa kawaida huachwa mapokezi, kwa hiyo kinachokunjika ni bora. Viti virefu vya watoto vipo lakini ni vichache, navyo huombwa wakati wa kuweka nafasi. Uliza pia mahali pa kubadilishia nepi pako ghorofa gani, kwa kuwa katika majengo ya zamani huenda pakawa chini ya ngazi. Mama ana haki ya kunyonyesha mezani: Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inakataza mgahawa au hoteli kumtendea vibaya mwanamke kwa sababu ananyonyesha.

Tufikeje?

Kituo cha Green Park, kilicho karibu na The Ritz na hoteli ya Brown's, kina lifti hadi kwenye majukwaa. Oxford Circus na Piccadilly Circus, ambavyo wageni wengi hukimbilia, havina njia isiyo na ngazi, na Jumamosi za Desemba hujaa watu kupita kiasi. Watoto wa chini ya miaka 11 husafiri bure kwenye treni za chini ya ardhi wakiwa na mtu mzima aliyelipa, hadi watoto wanne. Tarehe 25 Desemba treni na mabasi ya London hayafanyi kazi kabisa, kwa hiyo anayepanga chai siku yenyewe ya Krismasi awe na gari, teksi, au hoteli anayoweza kuifikia kwa miguu.

Baba Krismasi atakuwepo?

Hoteli nyingine humleta kwa siku na saa maalumu tu. Usiwaahidi watoto kabla hujapata jibu la maandishi linalotaja tarehe yako.

Mtoto akianza kulia, tufanye nini?

Mzazi mmoja atoke naye hadi ukumbi wa mapokezi, wakautazame mti, kisha warudi. Meza ya pembeni, iliyo karibu na mlango, hurahisisha jambo hilo, nayo huombwa mapema. Penseli za rangi na kitabu kidogo kisicho na sauti huongeza dakika ishirini. Simu yenye sauti haikubaliki katika kumbi hizi.

Nafasi zimejaa, au bei imetushinda. Kuna njia nyingine?

Zipo. Nafasi zilizoghairiwa hurudi siku chache kabla, hasa katikati ya wiki, na kupiga simu asubuhi huzaa matunda kuliko kuutazama ukurasa wa hoteli. Hoteli nyingi huuza skonzi, jemu, krimu na birika la chai peke yake kwa sehemu ndogo ya bei ya kinara kizima, na kwa mtoto wa miaka 3 hiyo ndiyo sehemu anayoipenda. Pia chai ya kawaida hurudi Januari sikukuu zikiisha, bila bei ya msimu, na mara nyingi mapambo huwa bado hayajaondolewa katika siku tano za kwanza za mwezi.